Somo: Kurekebisha sproketi baada ya kubadili saizi ya tairi la nyuma

Ukivisha pikipiki tairi la nyuma kubwa kuliko la awali, umebadili gia zote bila kugusa gia boksi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo injini inalazimika kusukuma mwendo mrefu kuliko iliopangiwa. Utaona mwenyewe: kuondoka na gia ya kwanza mpaka uibembeleze klachi, gia ya mwisho inakuwa nzito, na mlimani unarudisha gia mapema. Tairi dogo ni kinyume chake, injini inalia juu wakati mwendo ni ule ule. Nasikitika kuona watu wanafungua kabureta na kubadili sahani za klachi wakati tatizo lipo kwenye hesabu ya meno ya sproketi, yale magurudumu mawili ya meno yanayopitisha cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye tairi.

Hatua ya 1: Jua tairi limekua kiasi gani

Tuseme umetoka 90/90-18 ukaenda 110/90-18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Rimu ya inchi 18 ni mm 457.2. Tairi la zamani lina ubavu wa mm 81, kwa hiyo kipenyo chake ni 457.2 + 81 + 81 = mm 619.2. Jipya lina ubavu wa mm 99, kipenyo ni mm 655.2. Gawanya jipya kwa la zamani: 655.2 ÷ 619.2 = 1.058. Tairi limekua kwa asilimia 5.8.

Tairi lililoandikwa kwa inchi tu, kama 3.00-18, chukulia ubavu unakaribia kulingana na upana: 18 + 3 + 3, yaani inchi 24, karibu mm 610.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili hayalingani, la zamani limeshalika, na uzito wako unalibonyeza. Mimi naamini chaki zaidi. Jaza upepo sawasawa, chora mstari ubavuni mwa tairi mpaka sakafuni, panda, kisha mtu akusukume polepole mpaka mstari umegusa chini mara tatu. Weka alama, pima umbali kwa futi, gawanya kwa tatu. Fanya hivyo kwa tairi la zamani kabla hujalivua, kisha kwa jipya. Uwiano wa vipimo hivyo viwili ndio wa kutumia.

Hatua ya 2: Tafuta meno

Hesabu meno ya sproketi zote mbili. Usikisie, mara nyingi idadi imechapwa kwenye chuma. Kama mbele ni 14 na nyuma ni 42, uwiano ni 42 ÷ 14 = 3. Zidisha meno ya nyuma kwa ukuaji wa tairi: 42 × 1.058 = 44.4. Sproketi ya meno 44.4 haipo, kwa hiyo ni 44 au 45. Ya 44 inaacha gia ndefu (nzito) kwa asilimia 1 kuliko ya kiwandani, ya 45 inazifanya fupi (nyepesi) kwa kama asilimia 1.3. Anayebeba mizigo au kupanda milima achukue 45. Wa barabara ndefu tambarare 44 inamtosha.

Njia nyingine ni kuacha nyuma 42 na kuweka 13 mbele. Uwiano unakuwa 3.23, mfupi kidogo kuliko 3.17 tunaoutafuta.

Hatua ya 3: Nafasi, kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, kwa sababu watu wanamaliza hesabu ya meno na kukimbilia spana.

Tairi letu limeongezeka kipenyo kwa mm 36, maana yake limesogea mm 18 kila upande: juu kuelekea madigadi, na mbele kuelekea mkono unaolishika. Sasa ongeza meno mawili nyuma. Cheni inakumbatia takriban nusu ya sproketi, hivyo meno mawili yanakula pingili moja. Kwa kuwa cheni ina upande wa juu na wa chini, tairi linavutwa mbele nusu pingili. Cheni ya saizi ya 428 ina pingili ya mm 12.7, kwa hiyo tairi linasogea mbele mm 6 hivi. Jumlisha na zile 18: nafasi ya mbele imepungua mm 24. Kwenye pikipiki nyingi ndogo hiyo ni nafasi yote iliyokuwepo.

Ukipunguza jino moja mbele badala ya kuongeza nyuma, cheni inabaki na ziada na tairi linarudi nyuma kama mm 3. Ndiyo maana tairi kubwa na sproketi ndogo ya mbele mara nyingi huelewana. Kama bado unataka sproketi kubwa ya nyuma, nunua cheni ndefu zaidi kwa pingili mbili, na tairi litarudi mm 12.7.

Usisahau upana. Tairi lililoongezeka mm 20 limesogea mm 10 upande wa cheni. Pia lijaribu watu wawili wakiwa wamekaa na springi zimebonyea, maana tairi lisilogusa madigadi pikipiki ikiwa kwenye stendi linaweza kuigusa kwenye shimo la kwanza. Na rimu yenyewe iwe na upana unaokubaliwa na aliyetengeneza tairi.

Hatua ya 4: Kufungua na kufunga

Legeza sproketi ya mbele kwanza, cheni ikiwa bado ipo, gia imeingia na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni hutakuwa na cha kuizuia isizunguke. Nyingine zina nati kubwa yenye washa iliyokunjwa (inyooshe kwanza), nyingine zina kibati cha bolti mbili ndogo. Kisha vua cheni, tairi na sproketi ya nyuma. Safisha mahali sproketi mpya inapokalia, na kaza nati zake kwa kupishana.

Klipu ya cheni: upande uliofumba uelekee mwendo wa cheni. Ikigeuzwa, kitu kidogo kikiigonga inaweza kuchomoka.

Cheni icheze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, nyingi ndogo ni mm 20 hadi 30. Zungusha tairi na upime pale cheni ilipokaza zaidi. Alama za pande zote mbili zilingane, kisha kaza ekseli na upime tena, kwa sababu kukaza huivuta cheni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, si rahisi kubadili ya mbele tu kila mara?*

Ni rahisi, lakini jino moja mbele ni kama meno matatu nyuma kwa 14/42. Tairi likikua asilimia 3, kupunguza jino moja mbele kunakurudisha zaidi ya asilimia 7, umepitiliza. Pia sproketi ndogo inakunja cheni zaidi na kuimaliza haraka. Ukiiweka, angalia cheni isisuguane na plastiki iliyo juu ya mkono wa nyuma.

*Spidomita yangu itasema kweli?*

Inategemea inasomea wapi. Ikisomea tairi la mbele, hakuna kilichobadilika. Ikisomea gia boksi, ukirekebisha sproketi vizuri nayo inarudi sawa. Ikisomea tairi la nyuma, sproketi haiisaidii: kwa mfano wetu, ikionyesha 60 unakwenda kama 63.

*Fundi, mimi nimepunguza tairi, 110/90-17 kwenda 100/80-17. Nina 15/45.*

Tairi lako limepungua karibu asilimia 6. Nyuma weka 42, au acha 45 na uweke 16 mbele kama kifuniko kina nafasi. Ukienda 42, tairi litarudi nyuma kama mm 9.5 kwa cheni ya 428, hakikisha virekebishio vya cheni havijafika mwisho.

*Cheni ya zamani inafaa na sproketi mpya?*

Ivute kwa vidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, imeisha, na itaila sproketi mpya.

*Yangu ina ABS (breki zinazozuia tairi kukwama), kuna shida?*

ABS inalinganisha mwendo wa tairi la mbele na la nyuma, na sproketi haibadili chochote hapo. Kwa pikipiki hiyo baki kwenye saizi zilizoruhusiwa na kiwanda.