Somo: Kuwinda flashi na streti bila kukimbizwa na saa

Saa ya meza ya poka mtandaoni haikungoji umalize hesabu. Kitufe kinawaka, sekunde zinashuka, na meza ya pili uliyoifungua pembeni nayo imeanza kulia. Hapo wengi wetu hufuata dau, yaani hulipa kiasi alichoweka mpinzani, kwa sababu "nimebakiza karata moja tu", au hutupa mkono, yaani hujitoa, kwa woga. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, na nililipia. Somo hili linakupa namba chache za kubeba kichwani ili uamue ndani ya sekunde tano au sita. Nazungumzia Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau: kila mtu ana karata mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Omaha, ambako kila mtu hugawiwa karata nne, nimeigusa kwenye maswali.

Maneno kwanza, tusije tukapishana. Flopi ni karata tatu za mwanzo kufunuliwa mezani, tani ni ya nne (siyo ya uzito), riva ni ya tano. Flashi ni karata tano za aina moja, zote kopa au zote shupaza. Streti ni tano zinazofuatana. Kuwinda ni kubaki na mkono ambao haujatimia, ukisubiri karata ya kuutimiza. Karata za kuutimiza ndizo auti. Fungu ni jumla ya yote yaliyokwisha kuingia mezani.

Hatua ya 1: Zijue auti zako kabla zamu haijafika

Auti hazihesabiwi saa ikikimbia. Zinakaririwa. Kila aina ina karata 13, kwa hiyo ukiona nne za kopa, zimebaki 9. Streti iliyo wazi pande mbili, tuseme una 9 na 8 na mezani kuna 7 na 6, inatimizwa na 10 zote nne na 5 zote nne: auti 8. Streti yenye pengo katikati ina 4. Una jozi mbili na unatafuta fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za namba nyingine)? Ni 4 pia. Karata zako mbili zikiwa kubwa kuliko zote za mezani, una auti 6 za kupata jozi ya juu, ila hizo mimi huziamini nusu tu, maana jozi moja mara nyingi hufika mwisho ikiwa tayari imeshapigwa.

Ukiwinda vitu viwili kwa pamoja, usijumlishe tu. Una jeki na 10 za shupaza. Flopi inakuja 9 ya shupaza, 8 ya uru, 2 ya shupaza. Flashi 9, streti 8, mtu anasema 17. La hasha. Malkia wa shupaza na 7 ya shupaza umezihesabu mara mbili. Zako ni 15, na bado ni mkono wa kutisha.

Kisha kuna auti chafu: karata inayokutimizia wewe na papo hapo kumtimizia mwenzako kitu kikubwa zaidi. Rudi kwenye ile 9 na 8, sasa zote za kopa, na mezani kuna 7 ya pau, 6 ya pau na mfalme wa uru. Ikija 10 ya pau au 5 ya pau unapata streti, na mwenye pau mbili anapata flashi. Toa hizo mbili, hesabu 6. Na mezani pakiwa na jozi, huenda mpinzani ameshapata fulu hausi, nawe unawinda kwenye pori lisilo na mnyama.

Haya yote yafanye wakati wenzako wanafikiria. Flopi ikifunuka tu, sema idadi kimoyomoyo. Saa yako ikianza, uwe unatafuta jibu la swali moja: bei.

Hatua ya 2: Zidisha kwa 2, na hiyo 4 ifungie kabatini

Baada ya flopi unaziona karata 5, zako mbili na tatu za mezani. Kati ya 52 zimebaki 47 usizozijua. Kila auti basi ni zaidi kidogo ya asilimia 2 ya kutokea kwenye karata moja inayofuata. Auti 9 mara 2 ni 18, ongeza moja. Hesabu kamili ni asilimia 19.1 kwenye tani na 19.6 kwenye riva. Kwa uamuzi wa haraka, sema 20. Auti 8 ni kama 17, auti 4 ni karibu 9.

Kanuni ya kuzidisha kwa 4 umeisikia: ukiwa kwenye flopi, auti mara 4 inakupa nafasi yako mpaka riva. Hesabu yenyewe ni nzuri. Flashi inatoa 36, na kamili ni 35. Auti zikizidi 8 inaanza kutia chumvi: 15 mara 4 ni 60 wakati kamili ni 54. Dawa ni kutoa kile kilichozidi 8. Kwa auti 15 toa 7, upate 53.

Shida ni kwamba kanuni hii inatumiwa mahali pasipo pake, na nadhani hapa ndipo wawindaji wengi wanapovuja. Asilimia 35 ni ya mtu atakayeziona karata zote mbili bila kulipa tena. Yaani mmoja wenu ameshamwaga chipu (fedha za mezani) zake zote kwenye flopi. Kama bado kuna chipu nyuma, utadaiwa tena kwenye tani.

Fungu lina 60 kwenye flopi, mpinzani anaweka 30. Unajiambia, ninahitaji asilimia 25, ninayo 35, nafuata. Tani inakuja karata isiyo na maana. Fungu sasa ni 120, na mpinzani anaweka 80. Ili ufuate unahitaji karibu asilimia 29, nawe una 20. Unatupa. Umenunua karata moja kwa hesabu ya karata mbili. Kule kufuata kwenye flopi huenda kulikuwa sahihi, lakini kwa sababu nyingine kabisa, nitaieleza hatua ya 4. Mtu anayefanya jambo sahihi kwa sababu potofu hulifanya tena mahali ambapo si sahihi.

Kwa hiyo: 2 siku zote, 4 pale tu fedha zote zimeshaingia.

Hatua ya 3: Lisome dau kama sehemu ya fungu

Asilimia unayohitaji ni kile unacholipa, ukigawanya kwa fungu lote baada ya wewe kulipa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo husahaulika. Fungu 100, dau 50: watu hugawanya 50 kwa 150 na kupata 33. Jibu ni 50 kwa 200, asilimia 25.

Huna haja ya kugawanya chochote saa ikikimbia, kwa sababu wengi mtandaoni hubonyeza vitufe vilevile vya dau:

Robo ya fungu: 17
Theluthi: 20
Nusu: 25
Theluthi mbili: 29
Fungu zima: 33
Mara mbili ya fungu: 40

Linganisha na hatua ya 2. Ukiwa tani unawinda flashi tupu, asilimia 20 zako zinatosha kwa dau la theluthi, tena kwa shida, kwa sababu tovuti nayo inakata chake kwenye fungu. Nusu ya fungu haitoshi. Fungu zima linadai kama auti 15. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilidhani nimekosea.

Hatua ya 4: Tano, sita, kumi na mbili

Hapa ndipo kasi ilipo. Geuza asilimia kuwa mara. Flashi ya auti 9 inapatikana kwenye karata inayofuata takriban mara moja kati ya 5. Streti ya 8, mara moja kati ya 6. Ya pengo, mara moja kati ya 12. Basi unachotarajia kuvuna ukipata kiwe mara 5, mara 6 au mara 12 ya unacholipa sasa.

Tani, fungu 100, dau 50, unawinda flashi. 50 mara 5 ni 250. Fungu baada ya kulipa litakuwa 200. Pungufu ni 50. Swali lako sasa si la hesabu tena: nikipata, huyu atanipa wastani wa 50 kwenye riva? Ana chipu 400 na hajui kutupa jozi ya ree: fuata. Amebakiwa na 30: tupa, huo upungufu hautoki popote.

Ule mfano wa 30 kwenye 60 nao unaeleweka sasa. 30 mara 5 ni 150, fungu baada ya kulipa ni 120, pungufu 30. Kwa mpinzani mwenye chipu za kutosha utazipata. Streti ya pengo ni habari nyingine. Dau 20 kwenye fungu la 40: mara 12 ni 240, fungu litakuwa 80, pungufu 160. Mpinzani ana 90. Umeshamaliza, tupa, nenda meza nyingine.

Kukadiria atakacholipa ni kazi ya macho. Shupaza ya tatu ikianguka mezani kila mtu anaiona na mikono inakauka. Streti hujificha vizuri zaidi, ndiyo maana huwa inalipwa. Ukicheza wa mwisho utalipwa kuliko ukianza wewe. Na flashi ya 5 na 4 isikulevye, kwani atakayekulipa kwa furaha pengine ana flashi kubwa kuliko yako.

Hatua ya 5: Kupandisha badala ya kufuata

Ukiwa na auti 12 au 15 na mpinzani anayejua kutupa, kupandisha, yaani kuweka dau kubwa kuliko lake, kunakupa njia mbili za kushinda: atoke, au abaki nawe upate karata yako. Mkwara mtupu (dau la kutisha huku huna kitu) wa ukubwa wa fungu lazima ufaulu nusu ya nyakati ili usile hasara; ukiwa na auti nyuma yake, unahitaji pungufu ya hapo. Kwa mtu asiyetupa kitu, usijisumbue.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbona unagawanya kwa 47? Karata nyingine wameshagawiwa wachezaji wenzangu, huenda wamezishika auti zangu.*

Huenda, na huenda wameshika karata zisizo auti, na auti zako zote zikawa bado kwenye rundo. Usichokiona hakibadilishi hesabu, kiwe mkononi mwa mtu au ndani ya rundo. Ukionyeshwa karata, hapo ndipo unapunguza.

*Nimekosa flashi mara saba mfululizo. Hii programu haituibii kweli?*

Hata ukiziona karata zote mbili kila mara, unakosa mara 65 kati ya 100. Kukosa mara saba mfululizo kunatokea karibu mara 5 katika kila 100. Ukihesabu karata moja moja, ni zaidi ya mara 20 katika 100. Kwa anayecheza mikono mingi kwa siku, atakutana na hilo. Mara saba hazithibitishi wizi, wala hazithibitishi kwamba hakuna.

*Kwenye Omaha namba ni hizihizi?*

Kuzidisha kwa 2 kunafaa, maana baada ya flopi umeziona karata 7 na zimebaki 45. Lakini hesabu auti upya. Unatumia karata mbili tu kutoka mkononi, kwa hiyo ukishika kopa tatu umejinyima auti moja. Streti huko zinaweza kufika auti 20. Winda ile iliyo kubwa kuliko zote tu, maana flashi ndogo katika Omaha ni mtego.

*Kwenye mashindano je?*

Mkikaribia nafasi za kulipwa, chipu unayopoteza inauma kuliko unayopata inavyofurahisha. Dau ambalo hapa nimekwambia "fuata, kwa shida", huko litupe.

*Naweza kutumia programu ya kunihesabia mkono ukiendelea?*

Soma kanuni za tovuti yako kwanza. Programu zinazokwambia la kufanya wakati mkono unaendelea zimepigwa marufuku na tovuti kubwa, na akaunti inaweza kufungwa. Baada ya mchezo, chambua upendavyo.

*Nina meza nne, sekunde hazinitoshi. Kile kitufe cha "fuata dau lolote" kinasaidia?*

Usikiguse. Umekubali bei kabla hujaisikia, na jibu linalotoka papo hapo linamwambia mpinzani makini kwamba hukufikiria. Punguza meza mpaka mbili kwanza.

*Mwalimu, mazoezi nifanyeje bila kupoteza fedha?*

Chukua karata za kawaida. Jigawie mbili, funua tatu, na kabla hujahesabu mpaka tano taja kwa sauti idadi ya auti na "mara ngapi". Mikono 50 kwa siku, na ile isiyo na cha kuwinda sema "tupa" uendelee. Ukiona "tano" inatoka mdomoni kabla hujamaliza kuziangalia shupaza, ongeza dau la kubuni na anza kutafuta pungufu.