Jirani wa meza anayekumwagia ya nyumbani kwake

Hata chai hujamimina, keshavuta kiti: mume kafanya hivi, wifi kasema vile. Ikifika saa nne ripoti haijaguswa, na kichwa kinakuuma kwa ugomvi usio wako.

Usimkwepe, atadhani unamsema. Mpe saa yake, tena umwambie kabla hajaanza, maana akishafika katikati ya kisa huwezi kumkata: "Pole dada. Sasa hivi nimebanwa, tukutane saa saba tukila, unieleze vizuri." Mimi nikimwona anakuja husimama kabisa, hata kama sina pa kwenda. Mtu akikukuta umesimama hufupisha mwenyewe.

Zile sauti za WhatsApp za saa tano usiku usizifungue. Jibu asubuhi, mstari mmoja tu. Atanuna siku mbili tatu, kisha atazoea.

Akianza siri za bosi au za wenzenu, mwambie "hilo usiniambie", kwa sababu siku likivuja wewe ndiye wa kwanza kutajwa. Ila akiwa na msiba au mgonjwa hospitalini, hapo funga kompyuta umsikilize.