Somo: Kutunza tosheni baa za Volkswagen Beetle

Wakuu, Beetle ya zamani inabebwa na tosheni baa (Super Beetle ni nyuma tu), vyuma vilivyolala ndani ya bomba. Tairi likipanda vinajisokota, likishuka vinajifungua. Havionekani, ndiyo maana vinasahaulika mpaka chuma kinaanza kula chuma.

MBELE: Piga jeki magurudumu yote mawili yaning'inie, weka stendi. Kwenye mabomba kuna nipo nne za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi), mbili kila upande. Zifute kwanza, la sivyo mchanga unausukuma ndani wewe mwenyewe. Pampu polepole mpaka grisi mpya itokeze kwenye sili. Yangu nilipoinunua ilitoa kitu cheusi, kigumu kama lami. Sasa narudia kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi.

NYUMA: Hapa usiwe na haraka. Toa gurudumu, fungua boli ya chini ya shokapu, piga alama ya patasi pale bamba (mkono wa chuma unaounganisha baa na ekseli) linapokutana na ekseli, ndipo uvitenganishe. Fungua boli nne za kifuniko cha bushi. Bamba bado lina nguvu ya msokoto, limezuiwa na kizuizi tu. Likichomoka linavunja mguu. Liinue kidogo kwa jeki, livute nje lipite kizuizi, shusha taratibu mpaka nguvu iishe. Pima pembe yake kabla hujalitoa kwenye meno ya ncha ya baa, uandike.

Bushi mpya za raba zipake poda ya talki. Grisi huila raba. Baa ukiitoa, usiikwaruze hata kidogo. Mkwaruzo hushika kutu, na hapo ndipo inapokatikia.

Swali: Mkuu, yangu imelala kushoto nyuma. Ninunue baa mpya?

Jibu: Subiri kwanza. Pima upepo wa matairi, kisha linganisha pembe za mabamba mawili. Mara nyingi kuna aliyerudisha bamba kwenye jino lisilo lake. Angalia pia herufi mwishoni mwa baa: L kushoto, R kulia. Hazibadilishani.

Swali: Nataka kuinua nyuma kidogo. Jino moja latosha?

Jibu: Jino moja ni kubwa mno. Ncha ya ndani ya baa ina meno 40, kila jino nyuzi 9. Ncha ya nje meno 44, kila jino nyuzi 8 na dakika 10 (dakika 60 ni nyuzi moja). Sogeza ndani jino moja, nje jino moja kinyume chake, utapata dakika 50 tu. Fanya pande zote mbili sawa.

Swali: Na shokapu mpya hazitainua?

Jibu: Hapana ndugu, hizo hutuliza mdundo tu. Kimo kinatoka kwenye baa.