Kangaga halina jina? Geuza jani

Ukitoka kitalu cha maua na kangaga halina kibandiko, usihangaike na ukubwa wala rangi, geuza jani uangalie chini yake. Vile vidoti vya kahawia watu wanadhani ni wadudu hadi wanavipulizia dawa, jamani hapana, ni vifuko vya spora, vichembe vidogo ambavyo ndo mmea unavyozaana, na jinsi vilivyojipanga ndo kitambulisho chenyewe. Vidoti vya duara vimepanga mstari karibu na ukingo wa kila kipande cha jani, halafu kuna vikamba vyembamba vinatambaa nje ya chungu, hiyo mara nyingi ni Nephrolepis. Jani zima halijachanika, chini mistari ya mshazari kutoka mshipa wa kati, ni Asplenium, hilo usilimwagie maji katikati litaoza. Vikonyo vyeusi vinang'aa kama nywele ni Adiantum, udongo wake usikauke kabisa.

Mmea mchanga unaweza usiwe na vidoti, basi pitisha kidole kwenye shina taratibu, ukikuta vimiiba hilo sio kangaga ni Asparagus, na vitunda vyake vyekundu ni sumu kwa paka na mbwa, weka juu.