Jinsi ya kuelezea sehemu uliyokula mpaka mwenzio ajue aende au asiende

Wadau, mtu anauliza "jamani wapi hapa Dar naweza kula samaki mzuri na familia jumapili", anajibiwa na watu kibao, kila mmoja anataja jina la sehemu, wengine wanaongeza "pako poa sana" au "usithubutu", basi imeisha hiyo. Aliyeuliza anabaki pale pale alipokuwa maana hajui ni samaki gani, bei gani, watoto watakaa wapi, na huyo aliyesema usithubutu alifanyiwa nini hasa. Mimi kabla ya kutoka na familia huwa nasoma maoni ya watu, na nikitoka naandika ya kwangu, na naona kabisa tungesaidiana zaidi kama kila mtu angesema vitu vichache vinavyomfanya mwenzie aamue mwenyewe kwa mfuko wake na mdomo wake. Ndo nataka nivieleze hapa.

Anza na ulichokula, kwa jina lake na jinsi kilivyopikwa. Sehemu moja inaweza kuwa hatari kwa supu ya asubuhi na chapati, halafu mchana wali wao ukawa wa hovyo, sasa ukiandika "chakula chao kibaya" umeiua mpaka ile supu ambayo hukuionja. Sema nilikula kuku makange na ndizi za kukaanga, au sato wa kuchoma na ugali, au kongoro. Kama ni kuku sema wa kienyeji au wa kisasa maana hata bei haziko sawa, kama ni samaki mtaje, maana sato wa Ziwa Victoria mpaka afike Dar kasafiri kwenye barafu, wakati changu anaweza akawa ametoka soko la samaki la Feri asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo ukilalamika samaki hana ladha bila kusema samaki yupi hujatuambia kitu.

Halafu sema ulienda siku gani na saa ngapi. Hili watu wanaliruka sana na ndo linabadilisha kila kitu. Saa saba mchana wali unatoka jikoni moto, saa kumi unakula uliobaki. Tarehe za mshahara, wikiendi, au siku ya Simba na Yanga sehemu yenye tivii kubwa inajaa mpaka wahudumu wanapishana kwa shida, ukienda jumanne mchana pale pale utahudumiwa kama mfalme. Kama ni Zanzibar na ni Ramadhani useme, maana mchana migahawa mingi inafungwa na mtu anaweza kusafiri na njaa yake akakuta mlango umerudishwa.

Sasa tuje kwenye ladha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pagumu. "Tamu" na "sio tamu" havitoshi. Chukua biriani ya pwani. Wali unapikwa peke yake, masala peke yake, vinakutana kwenye sahani, kwa hiyo una vitu viwili vya kuvieleza tofauti. Kwenye wali angalia umechambuka au umeshikana, una harufu ya iliki na zafarani au umepakwa rangi tu ya njano na nyekundu ya kununua dukani. Kwenye masala vunja kipande cha nyama kwa kijiko, inaachia mfupa yenyewe au unavutana nayo? Vitunguu vilikaangwa mpaka vikawa vya kahawia na kuyeyukia kwenye mchuzi au bado vinaonekana vyeupe vimelala pembeni? Kuna ule uchachu kidogo wa mtindi au unasikia nyanya ya kopo tupu? Ukiandika "wali umechambuka vizuri ila masala imezidi nyanya na nyama ngumu", mtu wa Mombasa au Unguja anayeijua biriani anakuelewa hapo hapo, na mpishi mwenyewe akisoma anajua pa kurekebisha. Pilau hivyo hivyo, useme binzari nyembamba na karafuu unazisikia au ni wali wa kahawia tu. Wali wa nazi useme kama tui ni la kukuna, maana mtu aliyekulia pwani akitia kijiko kimoja mdomoni anajua.

Na tenganisha kilichoharibika na kile ambacho wewe hukipendi. Mimi pilipili nyingi siiwezi, nikienda kula urojo nikakuta mkali naandika ni mkali, siandiki ni mbaya, maana kuna mtu anautafuta huo ukali usiku na mchana. Samaki aliyeoza ni kosa la mgahawa, dagaa kuwa wachungu kidogo ni tabia yao. Pweza akiwa mgumu kama mpira hapo jikoni wamekosea, hajachemshwa akaiva.

Bei useme namba. Neno ghali halina maana kwa sababu wa Masaki na wa Mbagala hawana ghali moja. Andika kila sahani bei yake, mlikuwa wangapi, na mlishiba au mlitoka hapo mkanunua mihogo njiani. Angalia pia kwenye menyu kama bei imeshajumlisha VAT, kiwango cha kawaida kwetu Tanzania Bara ni 18%, na kuna sehemu wanaongeza na asilimia za huduma juu yake, kwa hiyo kitu ulichosoma elfu 20 kinakuja kwenye bili kingine kabisa. Sehemu wanayoandika wazi kwenye menyu uisifie, wanaokushtukizia mwishoni uwaseme. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uipige picha, ina tarehe, saa na bei zote, ukija kuandika jioni huna haja ya kukumbuka kichwani.

Kwenye nyama choma kuna ugomvi usioisha, mtu anasema "nimeagiza kilo nikaletewa nusu". Kilo inapimwa mbichi, nyama ikikaa kwenye moto inatoa maji na mafuta na inaweza kupungua robo mpaka theluthi ya uzito, na kama ulichaguliwa kipande chenye mfupa mwingi basi ndo kabisa. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mwizi hadharani, sema kama ulienda buchani kwao kuchagua nyama mwenyewe na ukaiona ikiwekwa kwenye mzani au ulikaa tu mezani ukasubiri. Ukiiona kwenye mzani halafu ikaja pungufu kupita kiasi, hapo una neno la kusema na tutakusikiliza.

Huduma iandike mbali na chakula. Kuna sehemu chakula kinapikwa na watu wanaojua kazi lakini ukikaa hakuna anayekuangalia, na kuna sehemu dada anakuletea maji ya moto ya kunawa na sabuni anakukaribisha vizuri kumbe jikoni hawajui kitu. Ukisema umechelewa kuhudumiwa, taja dakika. Robo saa kwa chipsi kuku na robo saa kwa samaki mzima wa kuchoma si sawa, samaki mzima akiwekwa jikoni baada ya wewe kuagiza nusu saa ni kawaida, na kuku wa kienyeji wa mchemsho anaweza kwenda lisaa na zaidi. Swali la maana ni hili, walikuambia mapema kwamba itachukua muda? Mhudumu akisema "kaka hii ni dakika arobaini, nikuletee supu kidogo unasubiria" huyo anajua kazi, mtaje kwa kazi yake. Ila jina lake na sura yake usiviweke ukiwa unalalamika. Sema mhudumu wa zamu ya jioni inatosha, mwenye hoteli atamjua, sisi wengine hatuna haja ya kumjua.

Kuna mambo watu wanaona madogo kumbe ndo yanayoamua familia iende au isiende. Vyoo visafi, kuna maji? Kuna sehemu ya kunawa mikono? Muziki unaruhusu kuongea? Bibi yako anaweza kupanda zile ngazi? Bodaboda na daladala zinafika au lazima uwe na gari, na hilo gari linapaki wapi? Wanapokea lipa namba au hela mkononi tu? Kuna pombe, kuna kitimoto? Hilo la mwisho useme wazi kabisa bila kuona aibu, Muislamu anayesoma anahitaji kujua nyama ni halali na kama jiko na mafuta ni yale yale, na mpenzi wa kitimoto naye anahitaji kujua kipo.

Mfano wa maoni yanayosaidia, nimeuandika mwenyewe ili uone umbo lake tu:

"Jana alhamisi saa saba mchana, mama ntilie nyuma ya stendi, banda la bati la bluu. Nimekula wali nazi, maharage na kibua wa kukaanga, 4,000, mwenzangu ugali nyama 3,500. Wali moto na tui linasikika, maharage yameiva vizuri, kibua amekaangwa mpaka amekauka sana. Tumesubiri dakika kama kumi chakula kikaja. Maji ya kunawa yapo na sabuni ipo, choo hakuna. Mabenchi machache, saa sita na nusu mpaka saa nane utakula umesimama. Hela mkononi au lipa namba. Nitarudi kwa wali, samaki nitaagiza wa mchuzi."

Hayo ni maneno machache tu, lakini mtu akimaliza kusoma anajua abebe hela ngapi, aende saa ngapi na aagize nini. Na humo hakuna pako poa wala usithubutu.

Kama kuna kitu hakijakaa sawa, mwambie mhudumu pale pale kabla hujafika nyumbani kuandika. Mwite taratibu, "samahani dada, hii nyama haijaiva, naomba mnirudishie jikoni", halafu uangalie wanafanya nini. Mara nyingi wanabadilisha na wanaomba radhi, na hilo ndo jambo kubwa zaidi la kutuambia, maana chakula kuharibika kinaweza kuharibika popote, lakini jinsi wanavyokupokea ukiwa na malalamiko haiwi sawa kila sehemu. Kuna sehemu moja nilirudisha mchuzi umechacha nikaambiwa "mbona wenzako wanakula", nikalipa nikaondoka, na nilipoandika nikaandika maneno hayo hayo bila kuongeza chumvi. Yalitosha.

Tumbo likiuma hapo uwe mwangalifu sana. Watu wakitapika usiku wanamrukia wa mwisho kuwauzia chakula, na mara nyingi si yeye. Kuna sumu za vijidudu zinazokupiga ndani ya masaa machache, kama zile za wali uliolala nje ukapashwa, lakini salmonela inaweza kuchukua masaa sita mpaka siku sita, na taifodi kwa kawaida inaanza kujionyesha baada ya wiki moja mpaka tatu. Kwa hiyo mtu anayepima taifodi leo halafu anawalaumu wa chipsi za jana anamwonea mtu. Nenda hospitali kwanza, kumbuka ulichokula siku zote hizo, ulizia mliokula wote sahani ile ile kama nao wanaumwa. Kama mliumwa wengi mpelekee habari afisa afya wa kata, usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, hao wanaweza kwenda kukagua jikoni, sisi wasomaji hatuwezi. Na ukiandika, andika ulichokiona: "tulikula watatu, wawili tulitapika usiku". Usiandike "wanaua watu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa anazojua ni za uongo, na hata bila sheria, mama anayelea watoto kwa sufuria mbili za wali akipewa jina baya kwa kisingizio anafunga banda, yule mwenye hoteli kubwa anabadilisha bango tu anaendelea.

Kuhusu picha, piga sahani kabla hujaivuruga, kwenye mwanga wa dirisha, weka na kijiko au glasi pembeni ili ukubwa uonekane, maana kipande cha kuku kikipigwa kwa karibu kinaonekana kama bata mzinga. Piga na menyu yenye bei. Watu wa meza ya jirani usiwapige, wengine wametoka na mambo yao.

Kama mwenye mgahawa ni shemeji yako, au ulilishwa bure ili useme vizuri, tuambie mstari wa kwanza kabisa. Hakuna ubaya kumsifia shemeji kama anapika kweli, ubaya ni sisi kwenda na watoto na nauli tukiamini maneno ya mteja kumbe ni maneno ya nyumbani. Na ukimsifia mtu sema kasoro yake moja kama ipo, hata ndogo kama viti vigumu, tunaposoma sifa tupu mwanzo mpaka mwisho tunaanza kutia shaka hata yale ya kweli.

Mwisho weka tarehe na urudi kuyagusa maoni yako ukienda tena. Mpishi akihama ladha inahama naye, ndo maana unaona sehemu iliyokuwa na foleni mwaka jana leo ina nzi. Ukirudi ukakuta pamebadilika andika chini yake "nimerudi mwezi huu, wamebadilisha mpishi, mchuzi sio ule", ya zamani usiifute, tunataka kuona yote mawili tujue pale panapanda au panashuka.