Kupima nguvu ya maji ya klorini: soma lebo, usikariri

Ukiingia chumba cha kuoshea vifaa kwenye zahanati, iwe Kisumu mjini au kule Bondo, huenda ukakuta karatasi ukutani: "Jik moja, maji sita." Yaani sehemu moja ya Jik, dawa ya klorini ya maji, kwa sehemu sita za maji. Hesabu hiyo ni sawa kwa chupa yenye klorini asilimia 3.5 tu. Dawa ikija ya asilimia 5, karatasi inakupotosha.

Hatua ya 1: soma lebo. Tafuta asilimia ya klorini na tarehe ya kutengenezwa. Klorini hufifia ikikaa kwenye joto na mwanga, na joto la kandokando ya ziwa mnalijua. Chupa iliyozeeka hakuna hesabu itakayoiokoa.

Hatua ya 2: amua unachotaka. Asilimia 0.5 ni ya damu iliyomwagika na vifaa. Asilimia 0.05 ni ya kunawa mikono pale sabuni inapokosekana. Zote mbili si za kunywa.

Hatua ya 3: gawanya, kisha toa moja. Asilimia ya lebo gawanya kwa unayoitaka: 3.5 ÷ 0.5 = 7. Hapo ndipo wengi huteleza. Saba ni jumla ya sehemu zote, na Jik yenyewe imo ndani, kwa hiyo maji ni sita. Ukitia maji saba unapata 0.44, maji hafifu kwa damu. Kwa 0.05 jibu ni 70, maji 69. Huko kusahau kutoa moja hakuleti tofauti ya maana.

Sasa ile ya asilimia 5: 5 ÷ 0.5 = 10, maji tisa. Ukishikilia sita za ukutani utapata 0.71. Mikasi itashika kutu mapema na macho yatawasha wodi nzima.

Hatua ya 4: ingiza kwenye ndoo. Ujazo wote gawanya kwa ile jumla (saba, si sita). Lita 14 ÷ 7 = lita 2 za Jik, maji lita 12. Jikague: 2 × 3.5 ÷ 14 = 0.5. Ndoo ya lita 20 ya kunawia: mililita 20,000 ÷ 70, karibu mililita 286.

Ukiwa na HTH, yaani klorini ya unga: unayoitaka ÷ asilimia ya lebo × 1000 = gramu kwa lita. Kwa unga wa asilimia 65, ukitaka 0.5: 0.5 ÷ 65 × 1000 = gramu 7.7. Pima kwa mizani, vijiko havilingani. Tia unga kwenye maji, uache utuame, umimine yaliyo juu.

Vaa glovu, fungua dirisha, tumia maji baridi. Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu. Andika saa kwenye ndoo, na baada ya saa 24 mwaga uchanganye mapya.