Somo: Kwenda Ngome ya Hever kwa treni, na kuipa bustani yake haki yake

Ndugu zangu mlioko London na mnaokuja kutembea, Hever iko mashambani Kent, kusini mwa jiji. Nimekwenda mara nne. Kila mara naona watu wanaikimbilia ngome, wanapiga picha darajani, kisha wanaondoka. Ngome yenyewe ni ndogo. Bustani ndiyo inayotaka siku yako.

Hatua ya 1: Treni. Panda kituo cha London Bridge, njia ya Uckfield, ushuke kituo cha Hever. Hakikisha treni yako inasimama hapo. Kituo ni kidogo na usitegemee kukuta teksi. Mwenye shida ya miguu ashuke Edenbridge Town, ila teksi aiagize mapema.

Hatua ya 2: Mguu. Ni kama kilomita moja na nusu, njia inakatiza mashambani. Mvua ikiwa imenyesha, ni tope tupu. Mara ya kwanza nilivaa raba nyeupe, nikafika hazitambuliki. Ukifika kijijini ingia kanisa la Mtakatifu Petro. Thomas Boleyn, aliyefariki 1539, amezikwa humo, na juu ya kaburi lake pana bamba la shaba lenye sura yake akiwa amevaa joho la heshima. Huyu ni baba yake Anne Boleyn, mke wa pili wa mfalme Henry VIII.

Hatua ya 3: Bustani kwanza. Kwa kawaida geti la bustani hufunguliwa kabla ya ngome, basi tumia asubuhi hiyo. William Waldorf Astor, tajiri wa Kimarekani, aliinunua Hever mwaka 1903. Aliwahi kuwa mwakilishi wa nchi yake huko Italia, akakusanya sanamu na mawe ya kale, akataka pa kuyaweka. Kati ya 1904 na 1908 ikatengenezwa Bustani ya Kiitalia, na ziwa la ekari 38 mwisho wake. Ziwa lile lilichimbwa na watu 800 kwa miaka miwili. Mimi nikikaa pale ukingoni huwafikiria wao kuliko Astor.

Tembea taratibu. Upande mmoja ni ukuta wa mawe unaopigwa na jua, sanamu za Kirumi zimesimama kati ya maua. Vuka upande wa pili, chini ya mimea iliyotambaa juu ya nguzo: ghafla pana ubaridi, maji yanadondoka tone tone juu ya mawe yaliyoota kuvumwani na majani ya kangaga. Weka kiganja hapo. Kisha nenda kwenye waridi, zaidi ya mashina 4,000.

Hatua ya 4: Ngome. Kuta zake asili yake ni karne ya 13, na maji yamezizunguka. Langoni tazama juu uone lile lango zito la kushushwa. Ndani ni nyumba ya akina Boleyn. Geoffrey, baba wa babu yake Anne, aliinunua 1462. Usipite haraka kwenye vitabu vya sala vya Anne. Kimoja ameandika kwa mkono wake, kwa Kifaransa: «Le temps viendra», yaani wakati utafika, na jina lake. Alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536.

Maswali ya wanachama

*Dada, nina mtoto wa kusukumwa kwenye kigari na mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Tutaweza?*
Bustanini mtatembea vizuri, mama asikose. Ndani ya ngome ngazi ni nyembamba na za kuzunguka, kwa hiyo yeye ataona chini tu. Mpokezane kukaa naye.

*Chakula je? Sisi tunakula halali.*
Bebeni chenu, kaka. Kula nyasini kunaruhusiwa. Mimi hubeba chapati, mayai na chupa ya chai.

*Watoto hawatachoka na maua?*
Wapeleke kwenye njia za kupotezana zilizozungushiwa ua wa miti, zilizopandwa enzi za Astor. Halafu kuna zile za majini: ukikanyaga jiwe lisilo lake, unarushiwa maji. Nguo za kubadilisha ni lazima.

*Nikija mwanzoni mwa Mei nitakuta waridi?*
Bado, mdogo wangu. Waridi ni Juni. Mei utapata tulipu za mwishomwisho. Saa na bei za siku hiyo ziangalie kwenye tovuti yao kabla ya kukata tiketi, na jioni anza kurudi kituoni kungali mwanga, kwani ile njia ya mashambani haina taa.